Pangani kwa Miguu: Kuisoma Hesabu ya Wazee Wetu

Toleo la kumbukumbu ya hekalu huwa na mambo yake ya desturi: picha za viongozi waliotangulia, majina ya waliochangia saruji na mabati, shukrani kwa akina mama waliopika prasad miaka nenda miaka rudi. Yote hayo yana haki ya kuwemo, na yamo. Lakini safari hii tumeona vema tuwatoe wasomaji wetu nje ya kuta za hekalu, tuwapeleke kiasi cha kilomita 50 kusini mwa Tanga, hadi mji mdogo uliokaa mlangoni mwa mto. Mji huo ni Pangani. Kabla Tanga haijapata reli, Pangani ndiyo iliyokuwa bandari yenye shughuli nyingi katika sehemu hii ya mwambao, na wafanyabiashara waliotoka Kutch waliuzoea mto ule zamani, wakati Tanga ilikuwa bado mji mdogo.

Kutembea kwa heshima si jambo geni kwetu. Hekaluni tunazunguka patakatifu kwa miguu, mkono wa kulia ukielekea ndani, polepole, bila kusukumana. Matembezi ya historia si ibada, lakini yanadai adabu ileile ya kwenda taratibu na kutazama. Yanadai jambo jingine pia. Kila Diwali, katika Chopda Pujan, wafanyabiashara wetu hufunga vitabu vya mwaka na kufungua vipya mbele ya Lakshmi na Saraswati. Vitabu hivyo vina pande mbili: jama, kilichoingia, na udhar, kilichotoka. Kitabu cha upande mmoja hakuna mkaguzi atakayekipokea. Ndivyo tulivyoamua kuisoma Pangani: kwa pande zote mbili.

Njia ya kwenda

Anayetoka Tanga asiwe na haraka ya kufika. Barabara inapita jirani na Machui, sehemu aliyozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909. Mbele yake, kiasi cha kilomita 17 kutoka mjini, yapo magofu ya Tongoni: msikiti wa mawe ya matumbawe na makaburi ya nguzo yaliyojipanga chini ya miti, kazi ya Waswahili wa karne ya 14 na ya 15. Mwaka 1499, katika safari ya kurudi kwao, Vasco da Gama alikiteketeza kwa moto chombo chake São Rafael karibu na pwani hii, kwa kuwa mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha vyombo vyote. Alikuwa ametoka Bara Hindi, na aliyemwonyesha njia ya kufika huko kutoka Malindi alikuwa rubani ambaye maandishi ya Wareno yanamwita Mgujarati. Bahari hii ilikuwa imezoeleka kwa watu wa pande zote mbili zamani sana kabla ya Mreno kuiona. Kaskazi ilileta majahazi, kusi ikayarudisha.

Tunalitaja jambo hili mapema kwa sababu moja. Wapo vijana wetu wanaodhani kwamba sisi tuliletwa na reli, na wapo majirani wetu wanaodhani tuliletwa na Mwingereza. Pangani inawasahihisha wote wawili.

Forodhani

Matembezi yenyewe yanaanzia kivukoni, asubuhi, kabla jua halijakaza. Mto Pangani unateremka kutoka Kilimanjaro na Meru, safari ya kiasi cha kilomita 500, na hapa unaingia baharini ukiwa mpana na wenye rangi ya udongo. Upande wa pili ni Bweni, kijiji kilichoegemea kilima. Pantoni huvusha watu, pikipiki, magari na mizigo, na ngalawa za wavuvi hupita pembeni yake. Ukigeuka kuutazama mji, majengo ya zamani ya serikali, maghala na nyumba za wafanyabiashara yameufuata ukingo wa mto, kwa kuwa mto ndio uliokuwa barabara.

Hapa forodhani ndipo ukurasa wa kwanza wa hesabu yetu. Kuanzia miaka ya 1830, Sultani wa Unguja alikodisha ukusanyaji wa ushuru wake kwa nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Bhatia wa Kutch. Nyumba hiyo ilimlipa Sultani kiasi walichopatana kwa mwaka, kisha yenyewe ikakusanya ushuru kupitia mawakala wake katika bandari za Mrima. Mpango huu ulidumu, kwa mikatizo, kwa karibu nusu karne. Kwa hiyo mtu aliyekaa forodhani akihesabu pembe na kuandika kwa herufi za Kigujarati mara nyingi alikuwa mtu wa dini yetu. Richard Burton na John Speke walipopita Pangani mwanzoni mwa mwaka 1857, wakielekea Fuga katika milima ya Usambara, waliwakuta Mabaniani wakiwa wameishika biashara ya pembe za ndovu. Wengi wao walikuwa wamekuja bila wake zao. Waliishi kwa dengu, wali na samli, wakahesabu miaka iliyobaki kabla ya kurudi Kutch.

Mzigo uliopanda bara ulikuwa nguo kwanza: merikani nyeupe iliyofumwa Marekani, na kaniki nyeusi iliyotoka kwetu Bara Hindi. Zilifuata shanga na nyaya za shaba. Mzigo ulioshuka ulikuwa pembe, kutoka Uchaga, Umasaini na mbali zaidi. Misafara ilikaa bara miezi mingi, na muda wote huo mali iliyobebwa ilikuwa mali ya mkopo. Tajiri wa Unguja alimkopesha mwenye duka wa Pangani, mwenye duka akamkopesha kiongozi wa msafara, na faida ikafichwa katika tofauti ya bei ya kutoa na bei ya kupokea. Mkopo wa namna hiyo haukuwezekana bila kuaminiana, na huo ni urithi tunaoweza kujivunia. Tutaona mbele kidogo kwamba ulikuwa na upande wake mwingine.

Karne iliyofuata, utawala wa Waingereza ulipokuwa umeshika nchi, Shaaban Robert naye alifanya kazi katika idara ya forodha, na Pangani ni miongoni mwa vituo alivyohudumu. Anayependa Kiswahili na asimame hapa dakika moja zaidi.

Bomani

Kutoka mtoni ni mwendo mfupi hadi Boma. Inaelezwa kwamba jengo hili lilianzishwa mwaka 1810 kama makazi ya tajiri wa Kiomani, na Wajerumani baadaye wakalibadilisha liwe jengo la utawala. Milango yake ya nakshi ni ya kutazamwa kwa makini. Kuta zake nene zinapoza hewa hata mchana. Simulizi ya mji inasema kwamba watumwa walizikwa wakiwa hai chini ya nguzo zake ili jengo liwe imara. Hakuna haja ya kuchimba misingi ili kuielewa simulizi hiyo. Mji unaoisimulia hivyo nyumba yake kubwa unatueleza jinsi nyumba hiyo ilivyoonekana na waliokuwa nje ya mlango.

Karibu na hapa ndipo mambo makubwa ya mwaka 1888 yalipoanzia. Kwa mkataba wa mwezi Aprili mwaka ule, Sultani Khalifa aliikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika ya Mashariki utawala wa pwani pamoja na forodha yake, kuanzia mwezi Agosti. Emil von Zelewski, wakala wa kampuni hapa Pangani, alilazimisha bendera ya kampuni ipandishwe kinyume cha liwali, na watu wake wakaingia msikitini na mbwa katika kumsaka. Mji ukawaka. Aliyejitokeza kuwaongoza watu alikuwa Abushiri bin Salim al-Harthi, mwenye shamba la miwa jirani na Pangani. Moto ukaenea mwambao mzima, na Bwana Heri akaushika Saadani. Wasafiri wawili, Hans Meyer na Oscar Baumann, waliokuwa wakirudi kutoka bara, walikamatwa na kutiwa minyororo, wakaachiwa kwa fidia. Mwaka uliofuata Meyer alirudi, na mwezi Oktoba 1889 akafika kilele cha Kibo.

Julai 1889 majeshi ya Hermann Wissmann yaliitwaa tena Pangani. Tarehe 15 Desemba mwaka huohuo Abushiri alinyongwa hapahapa mjini. Anayepita mitaa hii kwa miguu anapita alipopita yeye.

Uhindini

Tukiuacha mto nyuma yetu, tunaingia mtaa ambao jina lake halihitaji maelezo. Nyumba za Uhindini ni duka chini na familia juu. Mbele ya duka kuna baraza ya kukalia, juu kuna roshani ya mbao, na kati ya sakafu zimelala boriti za mikoko zilizokatwa mitoni. Mawe ya kuta ni matumbawe, na kilichoyashikamanisha ni chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe hayohayo. Vipimo vya vyumba vilifuata urefu wa boriti, ndiyo sababu vingi ni vyembamba. Baadhi ya nyumba bado zina wapangaji na maduka. Nyingine zimebaki kuta, na mizizi ya miti imeingia katika nyufa. Chokaa haistahimili mvua nyingi ikikosa paa, na boriti ya mkoko ikishapata maji juu na mchwa chini, sakafu yote huteremka.

Hapa ndipo tunapofungua upande wa pili wa kitabu. Kuanzia katikati ya karne ya 19, bonde la mto huu lilijaa mashamba ya miwa. Miwa ilikatwa, ikakamuliwa, maji yake yakachemshwa katika masufuria makubwa mpaka yakawa sukari guru na asali ya miwa, vikasafirishwa Unguja na Uarabuni. Waliokata, kukamua na kuchochea moto walikuwa watumwa. Wenye mashamba walihitaji fedha za vyombo, za kusafisha mashamba na za kuishi mpaka mavuno, na fedha hizo zilitoka kwa wafanyabiashara wa Kihindi, Wahindu na Waislamu. Mashamba yaliwekwa rehani. Madeni yakawa marefu kuliko mavuno.

Sharti tuliseme jambo hili bila kulizunguka. Mwaka 1860 balozi mdogo wa Uingereza Unguja, Rigby, alianza kuwalazimisha Wahindi waliohesabiwa kuwa raia wa Uingereza wawaachie watumwa wao, na walioachiwa walikuwa maelfu. Maana yake ni kwamba watumwa hao walikuwepo, majumbani na mashambani mwa watu wetu. Hata baada ya hapo, aliyekatazwa kumiliki mtumwa hakukatazwa kumkopesha mwenye watumwa. Kalamu haikushika fimbo, lakini ililipia shamba ambamo fimbo ilitumika. Mwaka 1873, mwaka uleule Sultani Barghash alipotia saini mkataba wa kufunga biashara ya watumwa baharini, watumwa wa mashamba ya Pangani waliasi, wakatoroka, wakajenga makazi yao wenyewe na kuyalinda dhidi ya mabwana. Majina yao hayapo katika vitabu vya hesabu vya mtu yeyote. Tunaona ni haki yatajwe matendo yao, maadamu majina yamepotea.

Wapo watakaotuuliza: kwa nini kuleta habari hizi katika kitabu cha sherehe? Jibu letu ni kwamba tumekwisha kuyasifu maghala na roshani. Hatuwezi kuusifu ukuta na kuikana fedha iliyoujenga. Vilevile hatusemi kwamba kila mwenye duka alikuwa mwovu. Wengi walikuwa wauza chumvi na vitambaa, maskini karibu sawa na wateja wao, na vita vya 1888 vilipowaka walikimbilia Unguja na vilivyoweza kubebwa mkononi. Tunasema tu kwamba hesabu ina pande mbili.

Ng'ambo ya mto

Mchana tunavuka kwenda Bweni. Njia ya kupanda kilima ni ya miguu na ina jasho lake, lakini juu yake macho yanapumzika. Mji wote wa Pangani unaonekana chini: paa za mabati, minazi, mnara wa msikiti, mto ukijikunja kuelekea bara na maji yake ya udongo yakijichanganya na bahari ya buluu. Kutoka hapa mtu anaelewa bila kufundishwa kwa nini bandari hii ilikuwa kubwa na kwa nini ilipungua. Mto ulifungua njia ya bara, lakini mlango wake una fungu la mchanga. Majahazi yalingoja maji yajae, yakapita. Meli za chuma hazikupita.

Kusini ya hapa ni Kikogwe, na Kikogwe ni mahali ambapo kila mtoto wa mkoa wa Tanga angepaswa kupelekwa angalau mara moja. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Asili ya mmea wenyewe ni Yucatán, Meksiko. Miche ilisafirishwa kupitia Hamburg, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Hiyo 62 ilipandwa katika shamba la kampuni hapa Kikogwe, na kutoka hiyo ulienea mkonge wa Tanganyika.

Mwaka huohuo wa 1893, ujenzi wa reli ulianza Tanga. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902 na Moshi mwaka 1911, na kila kituo kilichofunguliwa kiliichukulia Pangani sehemu ya mizigo yake. Kilichokuwa kikishuka kwa mto sasa kilishuka kwa gari moshi hadi ghuba yenye kina ya Tanga. Kwa hiyo mwaka mmoja uliipa wilaya hii zao jipya na kuanza kuiondolea bandari yake. Wafanyabiashara wakafuata mizigo. Jumuiya ya Wahindi wa Tanga ilikua kadiri Uhindini ya Pangani ilivyopungua, na hekalu tunaloliadhimisha leo ni sehemu ya kuhama huko.

Barabara za mashamba ya mkonge ni nzuri kwa matembezi, maana zimenyooka, na mistari ya mimea inakwenda mpaka upeo wa macho. Anayetaka kuona kazi aombe ruhusa ya uongozi wa shamba. Majani hukatwa kwa mkono, hufungwa vifurushi, hupelekwa kwenye mashine ambayo wenyeji wote huiita korona, nayo huyasaga na kuyakwangua mpaka ibaki katani nyeupe, sehemu ndogo sana ya uzito wa jani. Katani huanikwa juani kwenye nyaya, kisha hupigwa brashi na kufungwa marobota. Zamani majani yaliletwa kwa vitoroli juu ya reli nyembamba.

Wafanyakazi wa mashamba hayo waliletwa kwa mikataba kutoka bara na hata kutoka nchi jirani, wakaitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alipewa namba. Kipande cha siku 30 ndicho kilichopima maisha yao. Baadhi ya mashamba ya mkoa huu yalikuwa mikononi mwa Wahindi, na hapo napo hesabu yetu inaendelea pande zote mbili: ajira, shule na zahanati zilizojengwa, na pia mishahara midogo na kambi zilizosongamana. Mwaka 1964 nchi ilizalisha tani zipatazo 230,000, kiwango ambacho haijakifikia tena. Kamba za nailoni zilishusha bei, na mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, sehemu kubwa ya mashamba ikawa mali ya umma. Mwaka 1971 sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 iligusa familia nyingi za jumuiya yetu nchini, na wengi wakaondoka. Waliobaki ndio waliolishika hekalu lisizimike taa.

Kinachotakiwa sasa

Jioni pantoni hutuvusha tena. Hivi sasa ujenzi wa daraja la kuvuka mto huu, katika barabara ya Tanga hadi Bagamoyo, umekwisha kuanza. Daraja litaleta wageni, mabasi na bei mpya za viwanja. Tunalifurahia, kwa maana wagonjwa na wanafunzi wa Bweni wamengoja kivuko miaka mingi. Lakini thamani ya kiwanja ikipanda, nyumba iliyokwisha kupasuka huwa rahisi kubomolewa kuliko kutengenezwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Uhindini ya Pangani sasa imefika kwenye ukuta.

Tunatoa maombi matatu kwa wasomaji wetu. La kwanza, nendeni mkaone, mkiwachukua wazee na watoto pamoja. Nendeni asubuhi, na mkifika msikitini au ofisini ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Mwajiri kijana wa Pangani awaongoze, kwa kuwa yeye anajua simulizi ambazo sisi hatuzijui. La pili, fungueni masanduku. Kama nyumbani kwenu kuna kitabu cha hesabu cha zamani, barua ya Kigujarati, hati ya nyumba au picha ya duka, kileteni kisomwe na kunakiliwa wakati bado wapo wanaosoma mwandiko ule. Msichague kurasa nzuri peke yake. Humo huenda likawemo jina la mpagazi, la mpishi au la mtumwa, na huenda likawa ndilo andiko pekee lililobaki la mtu huyo.

La tatu ni la fedha. Sehemu ya michango ya mwaka huu wa kumbukumbu itumike Pangani, kwa kushauriana na wenyeji na idara inayohusika na mambo ya kale, kuezeka walau nyumba moja ya Uhindini kabla ya masika, na kuweka kibao kinachoeleza kwa Kiswahili nani aliishi humo, na nani alibeba mawe yake. Dawa ya deni ni kulipa. Sisi watu wa vitabu vya hesabu tunalijua hilo kuliko wengi, na tunajua pia kwamba kitabu kipya hakifunguliwi kabla cha zamani hakijajumlishwa.